Mgeni Njoo, Mwenyeji Apone? Uhakiki wa Usiku Mmoja wa Tuzo za Kantri

Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hawakutuambia la kufanya iwapo mwenyeji mwenyewe hataki kupona, au iwapo mgeni anatambua kwamba nyumba anayoipigia hodi ilijengwa pia na babu yake. Maswali haya yalizuka darasani mwetu muhula uliopita, tulipokuwa tukijadili uhusiano wa fanani na hadhira. Ili tusirudie mifano ile ile ya kila mwaka, tulitazama onyesho moja lililorekodiwa: Beyoncé akiimba "Daddy Lessons" pamoja na kundi la Dixie Chicks (ambalo tangu mwaka 2020 linaitwa The Chicks) kwenye tuzo za CMA mjini Nashville, Marekani, tarehe 2 Novemba 2016.

Kwa msomaji asiyefuatilia mambo haya, CMA ni chama cha muziki wa kantri kilichoundwa mwaka 1958, na tuzo zake zilianza kutolewa mwaka 1967. Usiku tunaouzungumzia ulikuwa wa hamsini. Kantri ni muziki wa masimulizi: shamba, treni, kanisa, ulevi na mapenzi yaliyovunjika, ukisindikizwa na gitaa, fidla na banjo. Nasi Afrika Mashariki si wageni kwake. Wengi wetu tulikua tukiwasikia Jim Reeves, Kenny Rogers na Dolly Parton katika redio za wazazi wetu. Hata kabla ya hapo, mwaka 1950, Hugh Tracey alirekodi miongoni mwa Wakipsigis wa Kenya wimbo uitwao "Chemirocha". Jina hilo limetokana na Jimmie Rodgers, mwimbaji wa kantri aliyefariki mwaka 1933, ambaye santuri zake zilikuwa zimefika huko.

Tuanze na fani. "Daddy Lessons" ni wimbo wa binti anayesimulia mafunzo ya baba yake: namna ya kushika bunduki, namna ya kuwatambua wanaume wa kuogopwa, na wajibu wa kumlinda mama na mdogo wake. Mandhari yake ni Texas, jimbo alikozaliwa mwimbaji mwenyewe. Kwa vigezo vya maudhui, sioni mhakiki anayeweza kuuondoa katika kantri bila kuziondoa pia nusu ya nyimbo zinazosifiwa Nashville. Muziki wenyewe una matarumbeta yanayotukumbusha New Orleans, na hapo ndipo mpenzi wa kantri halisi anapokunja uso. Lakini usiku ule matarumbeta, fidla na banjo vilijibizana vizuri. Sauti za wale wanawake wa Dixie Chicks ziliushika wimbo kama watu walioujua tangu utotoni.

Kasoro nayo ipo. Katikati waliingiza kipande cha "Long Time Gone", wimbo wa Dixie Chicks wenyewe, na kipande hicho ni kifupi mno. Msikilizaji anakigundua tu, hapati nafasi ya kukionja. Hii ni hasara, maana Dixie Chicks walikuwa na kisa chao ukumbini. Mwaka 2003, jijini London, mwimbaji wao Natalie Maines alimkosoa Rais Bush kuhusu vita vya Iraki, na vituo vingi vya redio za kantri vikaacha kupiga nyimbo zao. Kwa hiyo jukwaani hakukuwa na mgeni mmoja. Kulikuwa na mgeni pamoja na wana wa nyumba waliofukuzwa.

Sasa hadhira. Kamera ilipogeukia viti, wengine walikuwa wamesimama wakicheza, wengine wamekaa kimya. Baada ya onyesho zikafuata lawama kwamba mwimbaji wa pop hana kazi kwenye tuzo za kantri. Mwezi uliofuata ikaripotiwa kwamba kamati ya tuzo za Grammy ilikuwa imeukataa wimbo huo katika kundi la kantri.

Je, ubaguzi wa rangi unatosha kueleza yote? La, ingawa haiwezekani kuyaeleza bila huo. Mwaka 1971 Charley Pride, Mwafrika-Mmarekani kutoka Mississippi, alishinda tuzo kubwa kuliko zote za CMA, ya mtumbuizaji wa mwaka. Na mwaka 1974, Olivia Newton-John, mwanamke mweupe aliyezaliwa Uingereza na kulelewa Australia, alipotangazwa mwimbaji bora wa kike, baadhi ya wanamuziki wa kantri walikutana nyumbani kwa George Jones na Tammy Wynette, wakaunda umoja wa kupinga uvamizi wa pop. Mwaka uliofuata Charlie Rich alifungua bahasha ya mshindi mkuu jukwaani, akaichoma kwa kiberiti cha gesi, kisha akatangaza jina la John Denver. Wapo wanaosema alikuwa akipinga pop, wapo wanaosema alikuwa akitania. Jambo la kuchekesha ni kwamba Rich mwenyewe alikuwa amepata umaarufu kwa nyimbo zilizopendwa na mashabiki wa pop.

Kumbe uzio huu ni wa zamani, na umewazuia watu wa rangi mbalimbali. Lakini nani aliujenga? Tukirudi miaka ya 1920 tunakuta makampuni ya santuri yakiuza muziki wa Weusi kwa jina moja na muziki wa Wazungu wa mashambani kwa jina jingine, hata pale wanamuziki walipokuwa wakifundishana nyimbo zile zile. Banjo ina asili yake katika ala za Waafrika waliopelekwa utumwani. A. P. Carter, wa familia inayoheshimiwa kama waasisi wa kantri, alizunguka kukusanya nyimbo pamoja na mpiga gitaa mweusi, Lesley Riddle. DeFord Bailey, mweusi mpiga kinanda cha mdomo, alikuwa miongoni mwa nyota wa mwanzo wa kipindi cha redio cha Grand Ole Opry mjini Nashville. Mpaka ulichorwa na wauzaji. Walinzi wakaja baadaye wakidhani ni wa asili.

Mwanafunzi wa Kiswahili akisikia habari hizi atajiuliza: nimeyasoma wapi? Mwaka ule ule wa 1974 ndipo ilipotoka *Kichomi* ya Euphrase Kezilahabi, na ugomvi wa wanamapokeo na wanausasa ukapamba moto. Wanamapokeo walisema utungo usio na vina na mizani si shairi la Kiswahili. Leo mashairi huru yanafundishwa shuleni na vyuoni, na tarbia haijafa. Hoja yangu si kwamba arudhi ni kitu bure. Mwenye nyumba ana haki ya kuuliza mgeni anajua nini kuhusu nyumba hiyo. Asilo na haki nalo ni kuamua jibu kabla ya kusikiliza.

Wapenzi wa pop nao wasijione malaika. Wapo waliomtazama nyota wao, wakashangilia, kisha wakazima televisheni. Usiku ule ule mtu angeweza kusikia miaka hamsini ya kantri ikisimuliwa na wenyewe, na Garth Brooks akatwaa tuzo kuu. Mgeni anayekula na kuondoka bila kuuliza jina la mwenye nyumba hana msingi wa kulalamika kwamba hakukaribishwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Mwaka 2023 Tracy Chapman alipata tuzo ya CMA ya wimbo wa mwaka kwa "Fast Car", wimbo wake wa mwaka 1988, baada ya Luke Combs, mwimbaji mweupe wa kantri, kuuimba upya. Maneno ni yale yale, kinywa ndicho kilichobadilika. Mwaka 2024 Beyoncé alitoa albamu ya *Cowboy Carter*, akieleza kwamba ilitokana na tukio la miaka kadhaa nyuma ambapo hakujiona amekaribishwa. CMA haikuiteua kwa tuzo hata moja. Februari 2025 ikashinda Grammy ya albamu bora ya kantri, na ya albamu ya mwaka. Sidhani Grammy ilithibitisha kwamba CMA ilikosea. Tuzo moja si hakimu wa nyingine. Ilichothibitisha ni kwamba neno "kantri" lina majaji zaidi ya mmoja.

Nimalizie pale tulipoanzia. Video ilipokwisha, mwanafunzi mmoja wa mwaka wa pili, mzaliwa wa kaskazini mwa Uganda na shabiki mkubwa wa Beyoncé, alikaa kimya muda mrefu. Kisha akasema, "Mwalimu, wale waliokaa kwenye viti walikuwa wananitazama mimi." Mwaka mmoja kabla alikuwa amepeleka shairi lake kwenye shindano fulani, likarudishwa na maelezo ya sentensi moja: hiki si Kiswahili chenyewe. Nililisoma shairi hilo. Lilikuwa na makosa mawili ya upatanisho wa kisarufi, na beti tatu ambazo natamani ningeziandika mimi.

Sisi tunaofundisha Kiswahili mbali na pwani hukaa pande zote mbili za ukumbi. Asubuhi tunaambiwa lugha yetu ni ya kubabaisha. Mchana tunashika kalamu nyekundu na kuwaambia wanafunzi wetu vivyo hivyo. Makosa ya upatanisho nitaendelea kuyasahihisha, maana ndiyo kazi niliyoajiriwa kuifanya. Lakini kwenye karatasi ya mwanafunzi yule niliandika kosa ni lipi na liko mstari gani, kisha nikamwomba alete shairi la pili. Amelileta wiki iliyopita.