Dawa ya Dashibodi Katika Vumbi la Kamina

Kiangazi kilichopita, vumbi jekundu lilipokuwa limekwisha kufunika mabati ya nyumba zilizo kando ya reli hapa Kamina, jirani yangu dereva aliniletea gari lake, Toyota ya mitumba iliyotoka Japani kwa njia ya Dar es Salaam, akataka shauri la dawa ya kupaka dashibodi, ambayo ilikuwa imepauka na kuanza kuingia nyufa nyembamba karibu na kioo cha mbele. Desturi yake, kama ya madereva wengi, ilikuwa kuipangusa kwa kitambaa kilichochovywa katika mazutu. Ikang'aa siku mbili, na siku ya tatu ikawa nyekundu kuliko barabara.

Kabla ya kuchagua dawa yafaa kumjua adui. Mji wetu uko juu ya mita 1,000 kutoka usawa wa bahari, na jua hutupitia utosini mara mbili kwa mwaka, katikati ya Oktoba na mwishoni mwa Februari, kwa hiyo miale yake ni mikali. Walakini kioo cha mbele, kwa kuwa ni vioo viwili vilivyogandishwa kwa utando wa plastiki kati yao, huizuia sehemu kubwa ya miale ile inayochoma. Vioo vya milango havina utando huo. Alhasili plastiki za milango huunguzwa na miale, ilhali dashibodi huuawa hasa na joto, ambalo katika gari lililofungwa juani huweza kupita nyuzi 70 za Selsiasi.

Nilipitisha kidole upande wa ndani wa kioo, kikaacha mfuo safi katika utando mwembamba wa mafuta. Utando ule ulitoka katika dashibodi yenyewe: ngozi yake laini ya vinili hutiwa kilainishi kiwandani, na joto hukifukuza kidogo kidogo mpaka ngozi ikakauka na kupasuka. Hakuna dawa ya kupaka iwezayo kukirudisha, na mazutu, kwa tabia yake ya kuyeyusha, huzidi kukivuta nje.

Tuliigawa dashibodi mafungu matatu kwa utepe wa karatasi: moja tukalipaka mafuta ya silikoni, la pili dawa ya maji isiyong'aa, la tatu tukaliacha tupu. Baada ya wiki nne fungu la silikoni lilikuwa limeshika vumbi likawa kama tope, na mwangaza wake ulijirudisha kiooni hata barabara ikafifia. Jambo hili si dogo kwa gari ambalo usukani wake uko kulia katika nchi ambayo magari hupita kulia, kwani dereva anayetaka kulipita lori hana budi kujiinamisha kushoto ili aone mbele. Fungu la dawa ya maji lilitakata kwa kitambaa chenye unyevu, na lile tupu lilitakata pia, ila weupe wake ulibaki.

Dawa ya kauri, isifiwayo sana siku hizi, niliikataa kwa dashibodi hii, maana sharti ishike plastiki tupu, nayo hii ilikuwa imekunywa mazutu miaka mingi. Kwa plastiki ngumu za milango ya gari jipya ningeipendelea kuliko zote.

Basi tukaichagua dawa ya maji. Kwanza tuliosha dashibodi kwa maji vuguvugu na sabuni kidogo, matundu ya hewa tukayasugua kwa brashi laini, tukakausha kivulini. Dawa tuliitia katika kitambaa, wala si juu ya dashibodi, isije ikachuruzika ndani ya swichi. Tukaipaka nyembamba, tukangoja robo saa, kisha tukapangusa iliyosalia. Usukani na pedali hatukuvigusa, nami namsihi kila msomaji asivipake kamwe, kwani huteleza.

Fauka ya hayo mke wa dereva alitoa kipande cha kitenge kizee, nacho hutandazwa juu ya dashibodi kila gari linapoegeshwa juani. Nyufa za zamani zimebaki kama zilivyokuwa. Mpya sijaziona, na kwa kipimo changu kitenge kile kimefanya kazi kubwa kuliko chupa ya dawa.