Jenerali Lee na Methali ya Mkataa Kwao

Safari hii naweka kando vitabu vya nyumbani, nizungumzie sinema ya wenyeji wetu hapa Marekani. Inaitwa Gods and Generals, ilitoka mwaka 2003, na mwongozaji wake ni Ronald Maxwell. Inahusu miaka miwili ya mwanzo ya vita vya wenyewe kwa wenyewe, vilivyopiganwa kati ya 1861 na 1865. Ni ndefu, inapita saa tatu na nusu, lakini nimeitazama mara mbili kwa sababu ya onyesho moja la mwanzoni.

Katika onyesho hilo Kanali Robert E. Lee anaitwa Washington, anaombwa aongoze jeshi la serikali dhidi ya majimbo ya Kusini yaliyojitenga. Anakataa, kwa kuwa hawezi kupigana na Virginia, jimbo lake. Mwigizaji Robert Duvall anaigiza kwa upole na huzuni, hata mtu anamwonea huruma na kuamini kwamba hakuwa na njia nyingine. Sisi Waswahili tunashawishika upesi zaidi, maana tumekuzwa na methali isemayo mkataa kwao ni mtumwa.

Hapo ndipo ninapogombana na sinema hii. Onyesho lenyewe si la uongo. Ni kweli Lee alipewa nafasi hiyo tarehe 18 Aprili 1861, na tarehe 20 akaandika barua ya kujiuzulu. Kasoro iko katika mambo yaliyoachwa nje.

Lee alihitimu chuo cha kijeshi cha West Point mwaka 1829, akiwa wa pili darasani. Chuo hicho kilikuwa shule ya kwanza ya uhandisi nchini humu, na mwanafunzi wake halipi ada. Taifa linamsomesha, naye anakula kiapo cha kulitumikia. Mimi kama mhandisi naiheshimu kazi aliyoifanya St. Louis kuanzia 1837, alipojenga kingo katika mto Mississippi ili mkondo wenyewe uondoe mchanga uliokuwa unaziba bandari. Baadaye, 1852 hadi 1855, alikuwa mkuu wa chuo hicho hicho. Machi 1861 alikubali cheo cha kanali, kwa hati yenye sahihi ya Rais Lincoln. Wiki tatu baadaye akajiuzulu, na siku tatu baada ya kujiuzulu akapokea uongozi wa majeshi ya Virginia.

Pia hatuelezwi habari za George Thomas. Huyu naye ni mzaliwa wa Virginia, alihitimu West Point mwaka 1840, na akafundisha mizinga pale pale. Yeye alibaki na kiapo chake. Dada zake walimkana. Desemba 1864, huko Nashville, alilivunja jeshi la Jenerali John Hood, aliyekuwa mwanafunzi West Point wakati Thomas akifundisha. Wala Thomas hakuwa peke yake. Ty Seidule, brigedia jenerali mstaafu aliyeongoza idara ya historia West Point, ameandika katika kitabu chake cha 2021 kwamba makanali wahitimu wa chuo hicho waliotoka Virginia walikuwa wanane. Saba walibaki. Aliyeondoka ni Lee. Sinema inatuonyesha huyo mmoja, nasi tunadhani ndivyo ilivyokuwa desturi ya Virginia.

Turudi kwenye methali. Mwaka 1860 Virginia ilikuwa na watumwa wapatao 490,000, wengi kuliko jimbo lolote. Hao nao, Virginia ilikuwa kwao. Lee hakukataa kwao, lakini jeshi aliloliongoza lilipigania serikali iliyoundwa kulinda utumwa, na kama lingeshinda, wao ndio wangelipa. Tuwe waadilifu: sinema inampa Kanali Chamberlain wa Kaskazini nafasi ya kuusema utumwa waziwazi, na Martha na mpishi Jim Lewis wamepewa heshima. Hata hivyo, tunawaona zaidi wakiwa pembeni ya mabwana zao. Uchungu wa kuchagua wameachiwa majenerali.

Nisijifanye hakimu asiye na doa. Mimi nilisomeshwa ng'ambo kwa fedha za serikali ya nyumbani, fedha za wakulima ambao hawakuwahi kuona chuo kikuu. Nilitia sahihi kwamba nitarudi kufanya kazi miaka mitano. Nilifanya miwili. Nilijiambia kwamba familia inanihitaji zaidi, na ilikuwa kweli, ila ukweli huo haukuifuta sahihi yangu. Kosa langu si la kushika bunduki, lakini limenifundisha jinsi mtu anavyoweza kujifunika kwa neno "kwetu" asionekane amechagua. Ndiyo maana mara ya pili upole wa Duvall haukunichukua.

Itazameni, maana mapigano yametengenezwa kwa ustadi na uigizaji ni mzuri. Lee akishakataa, simamisheni kidogo muwaeleze watoto habari za Thomas. Kisha waulizeni nani mkataa kwao, na nani mtumwa. Mwenye maoni tofauti na aandike, tujadiliane.