Chotara au Mseto? Maoni Juu ya Istilahi za Mwongozo Mmoja wa Linux

Umetufikia mwongozo wa kurasa chache, uliofasiriwa kwa ajili ya walimu wa Kibondo na Kasulu wanaotumia kompyuta za mkononi zenye mfumo wa Linux. Unaeleza la kufanya pindi kioo kinapobaki cheusi katika kompyuta zenye vichakataji viwili vya michoro. Sarufi yake haina dosari ya kutaja. Dosari imo katika istilahi, nayo yaweza kumpotezea mwalimu kazi ya muhula mzima.

Mwongozo waamuru kiendeshi cha zamani kiondolewe na kipya kiwekwe. Kurasa mbili nyuma, neno hilo hilo limetumika kwa chombo kinachohifadhi mafaili. Mwalimu mmoja wa Kasulu alituuliza atumie bisibisi ya namna gani; heri aliuliza kwanza. Kilichokusudiwa ni programu inayouwezesha mfumo kukiamuru kifaa, nayo huondolewa kwa amri tu. Twaona iandikwe programu kiendeshi kila mahali, wala isifupishwe. Wako wanaopendekeza kiendeshaji kwa programu na kiendeshi kwa chombo, lakini tofauti hiyo ni nyembamba mno kwa sikio la darasani.

Neno linalotushughulisha zaidi ni chotara, ambalo mfasiri amelitumia kuelezea kompyuta hizo. Mkulima wa Buha ajua mahindi chotara: mbegu mbili zimezaa ya tatu, na wazazi hawaonekani tena. Hapa sivyo. Kichakataji kidogo, kilichounganishwa na kichakataji kikuu, hutumia umeme kidogo; kile kikubwa huamshwa kwa kazi nzito. Katika utaratibu wa Optimus, uliotangazwa na Nvidia mwaka 2010, picha za kichakataji kikubwa hupitia kwa mwenzake ndipo zifike kiooni. Hayo ni mahindi na maharage katika shamba moja, kila mmea na mzizi wake, na jina lake twalijua: mseto. Aliyeambiwa chotara atatafuta programu kiendeshi moja, kumbe zipo mbili, na mara nyingi yenye hitilafu ni ile ya kichakataji kikubwa peke yake. Amri ya lspci -k ingemwonyesha vyote viwili, pamoja na programu inayotumika kwa kila kimoja. Mfasiri ameiacha.

Tena mwongozo washauri kichakataji kikubwa kitumike daima ili kuepuka usumbufu, bila kutaja kwamba betri itakwisha upesi. Kwa wilaya ambazo hadi kuungwa katika gridi ya taifa mwaka 2022 zilitegemea jenereta za dizeli, tulitazamia mfasiri aongeze walau sentensi moja.

Kuhusu nouveau, programu kiendeshi huria, tunaambiwa itiwe "katika orodha nyeusi". Msomaji ataidhania mkosaji. Ilitungwa na watu waliofanya kazi kwa miaka mingi bila kupewa maelezo ya kutosha na kampuni yenyewe. Na Linus Torvalds, alipoulizwa juu ya kompyuta za aina hii huko Finland mwaka 2012, aliyemkaripia hadharani ni Nvidia. Huzuiwa kwa sababu programu mbili haziwezi kukiamuru kifaa kimoja kwa wakati mmoja. Neno zuia latosha.

Neno nomodeset limeachwa kama lilivyo, na mfasiri amefanya vema, kwani mwalimu hana budi kuliandika herufi kwa herufi.