Nchi ya Kesho Iko Dodoma, na Tiketi Nimeshakata

Jamani, inakwenda! Haina moshi, haina ule mngurumo wa kichwa cha dizeli unaotetemesha meno, na kwenye skrini ya behewa namba zinapanda mbele ya macho yangu: 90, 120, 145, halafu 160. Kilomita 160 kwa saa katikati ya mibuyu ya Ugogo, na soda niliyoiweka mezani imetulia tuli! Mabehewa 8, pua iliyochongwa, na mota zimegawanywa chini ya mabehewa badala ya kurundikwa zote kwenye kichwa kimoja mbele. Hii ndiyo Mchongoko, treni ya umeme iliyoanza kubeba abiria tarehe 1 Novemba 2024 kwenye reli yetu mpya ya SGR, na sisi wa Ikungi, tuliozoea kuletewa mambo yakiwa yameshapoa, safari hii tumeyafuata yangali ya moto.

Kwa asiyeijua Ikungi: ukitoka Manyoni kwenda Singida mjini kwa lami, utapita alizeti, utapita mawe makubwa yaliyopandana bila kuangukiana, utapigwa na upepo usio na likizo. Hapo ndipo kwetu. Dodoma ni takriban kilomita 200 kwa basi. Reli mpya imeshaingia mkoani Singida, maana Makutupora iko wilaya ya Manyoni, lakini treni ya abiria tunaipandia Dodoma. Basi nikaenda Dodoma, na mama mdogo, ambaye alikuwa na harusi Dar es Salaam na alihitaji mtu wa kumbebea mabegi.

Ila lazima mjue ni mshabiki wa namna gani anayewaandikia. Kijiweni wenzangu wanabishana Simba na Yanga mpaka mishipa ya shingo inasimama. Mimi bando langu linaishia Disneyland. Sijawahi kufika, wala sina mpango wa kuomba viza, lakini naijua Tomorrowland, ile sehemu ya bustani iliyojengwa ili watu watembee ndani ya siku zijazo, kuliko ninavyoijua mitaa ya Singida mjini. Ilifunguliwa pamoja na Disneyland yenyewe, California, tarehe 17 Julai 1955, ikajinadi kuwa inaonyesha dunia ya mwaka 1986. Tangu hapo inabomolewa, inapakwa rangi, inabomolewa tena, na mashabiki hawajaacha kugombana juu ya namna ya kuitengeneza upya.

Na sasa shikilieni kiti. Monoreli ya Tomorrowland, treni iliyowatia watu wazimu kuliko kitu chochote pale, ilizinduliwa tarehe 14 Juni 1959. SGR yetu ilianza kusafirisha abiria, Dar es Salaam hadi Morogoro, tarehe 14 Juni 2024. Siku ile ile! Miaka 65 kamili! Nilipoligundua hilo niliamka usiku nikawasha taa, na nyumba nzima ikadhani kuna mgonjwa.

Stesheni kwanza. Jengo la Dodoma wasanifu walilichukulia mawe ya kule, na mtu wa Singida hahitaji kuelezwa hilo, mawe tunazaliwa nayo. Kwa mbali linakaa vizuri, zito na la kujiamini, kama vile lilikuwepo kabla ya mji. Ndani ni kioo, urefu, mwanga, mashine za kukagua mizigo, na ngazi za umeme. Mama mdogo alisimama mbele ya ngazi ile akaitazama inavyojimeza.

"Mwanangu, hii ikinishika kanga?"

"Haishiki, mama mdogo. Inua kanga kidogo, weka mguu katikati."

"Tangulia wewe tuone."

Nikatangulia. Akafuata, na alipofika juu akataka kurudi chini apande tena. Jamani, hiyo ndiyo hukumu ninayoiamini kuliko zote. Watu wa Disney hutumia fedha nyingi kumfanya mtu mzima aseme "tena", na hapa ngazi tu imemaliza kazi.

Malalamiko yangu ni ya mshabiki mkorofi. Natamani stesheni izungumze zaidi na sisi tunaosubiri. Nje jengo linasema Dodoma, ndani ukikaa kitini unaweza kudhani uko mji wowote wenye fedha. Dar es Salaam walichagua tanzanaiti, na usiku kile kioo chenye pembe kinawaka mpaka dereva wa bodaboda anageuza shingo. Morogoro wakaichukua milima ya Uluguru. Mawazo mazuri yote, nayapenda yote. Lakini karibu yote yamekaa kwenye ngozi ya jengo, na hapo ndipo historia ya Tomorrowland inaponitia wasiwasi.

Ngozi inazeeka! Mwaka 1957 walijenga pale nyumba ya plastiki, nyumba ya kesho, watu wakapanga foleni kuangalia oveni ya maikrowevu. Ilipofika 1967 ilikuwa imeshachosha, wakaleta tufe la chuma la kubomolea, tufe likagonga plastiki likadunda likarudi. Kazi iliyopangiwa siku moja ikala wiki mbili. Mwaka huo huo wa 1967 wakafungua Tomorrowland mpya, nyeupe, yenye vyombo vinavyopita juu, pembeni na katikati ya majengo, na wapo mashabiki wanaoamini kwamba dunia haijajenga kitu kizuri zaidi ya hicho. Mwaka 1998 wakaipaka shaba na dhahabu. Space Mountain, jengo la pale lenye umbo la mlima, jeupe tangu 1977, ukageuzwa kuwa na rangi ya chungu kilichosahaulika jikoni. Kelele zikapigwa, na mwaka 2005 ukarudishwa mweupe.

Kundi jingine la mashabiki linaapa kwa Disneyland ya Paris. Kule, mwaka 1992, walikwepa mtego wote wakajenga Discoveryland, siku zijazo kama alivyoziota Jules Verne katika karne ya 19. Hoja yao ni kwamba kesho ambayo tayari imeshapita haiwezi kuchakaa tena. Ni ujanja, nakubali. Na kuna wanaotaka kila kona iwe ya filamu fulani, na hao siwajadili. Ingawa ile treni ya TRON ya bustani ya Disney ya Shanghai, iliyofika bustani yao ya Florida tarehe 4 Aprili 2023, ambayo unaipanda umejilaza kama mtu wa pikipiki, ningeipanda hata kwa mkopo.

Tuingie Kilosa sasa, maana ndani ya handaki ndipo nilipopata jibu langu.

Ukitoka Dodoma unashuka, Igandu, Gulwe, Kidete, na milima inaanza kukubana pande zote mbili. Reli ya Wajerumani, ile yenye upana wa mita moja iliyoanza Dar es Salaam mwaka 1905 ikafika Kigoma 1914, huku inajikunja na bonde la mto, kona baada ya kona, na mvua zikinyesha sana mafuriko yanaila. Unaiona dirishani, iko chini pale, inahangaika na mto wake. Halafu giza! Masikio yanaziba, taa za ndani zinang'aa, mama mdogo anasema "Yesu wangu", na kabla hajamaliza kusali jua limerudi. Giza tena! Mahandaki manne, zaidi ya kilomita 2 za mlima uliotobolewa, na treni haijajali kabisa kwamba kuna mlima. Nilipiga kelele. Abiria wa mbele aligeuka. Sikuomba radhi.

Hapo nikaikumbuka Rocket Rods, aibu kubwa kuliko zote za Tomorrowland. Pale palikuwa na PeopleMover, vibehewa vya polepole vilivyozunguka juu ya bustani tangu 1967. Vikasimamishwa mwaka 1995. Mwaka 1998 wakaleta magari ya kasi, wakayaweka juu ya njia ile ile ya vibehewa vya polepole, kona zake hazikuinamishwa. Kwa hiyo gari linafyatuka, linafika konani, linapunguza, linafyatuka, linapunguza. Mwaka 2000 yakafungwa. Ile njia ya juu ipo mpaka leo, tupu, inapita vichwani mwa wageni bila kubeba mtu.

Sisi tulifanya kinyume! Hatukuchukua treni ya umeme tukaiweka kwenye kona za Wajerumani. Tuliweka reli mpya yenye upana wa milimita 1,435, tukainyoosha, penye bonde tukajenga daraja, penye mlima tukatoboa. Ndiyo maana soda imetulia. Na ndiyo maana safari ambayo kwa basi inakula mchana mzima, huku imeisha chini ya saa nne, kwa nauli ya daraja la kawaida kwenye treni ya kawaida iliyopangwa Sh 31,000. Mchongoko ni ghali zaidi, lakini tulikuwa tunakwenda harusini, na mama mdogo alisema hawezi kufika amekunjamana.

Basi mashabiki wenzangu wa Disneyland kule Anaheim, California, mnaobishana kuhusu nyeupe au shaba, nawashauri bure: acheni rangi, wekeni njia. Angalieni Disney ya Florida. PeopleMover yao ya mwaka 1975 bado inazunguka, inasukumwa na sumaku za umeme, haijabadilika sana, na watu bado wanaipanda, wengi wakirudia. Chombo kinachombeba mtu vizuri hakihitaji kusingiziwa kuwa cha kesho.

Na kuna jambo jingine linalonikera, nalisema kwa upendo. Disney wana Afrika Mashariki yao. Inaitwa Harambe, kijiji cha kubuni ndani ya Animal Kingdom, Florida, kilichofunguliwa tarehe 22 Aprili 1998, kuta zake zimefanana na za Lamu, na kwenye jengo moja wameandika Uhuru 1961, mwaka wetu kabisa wa Tanganyika! Nilipouona kwa mara ya kwanza kwenye simu nilifurahi mpaka nikasimama. Kisha nikaitazama treni ya Harambe. Ni ya kizamani, imechakazwa kwa makusudi, imepakiwa masanduku na vikapu juu, na wageni wanaipanda wakijua hivi ndivyo kwetu tunavyosafiri. Aliyebuni alifanya kazi nzuri sana, kila kutu iko mahali pake. Ila katika bustani zao Afrika Mashariki imewekwa upande wa jana, na upande wa kesho hatuna hata benchi.

Badilisheni! Mnajenga upya kila mara, basi pelekeni Harambe kwenye umeme. Kampuni hiyo hiyo mwaka 2023 ilitoa Kizazi Moto, filamu fupi za vikaragosi kutoka Afrika, na mojawapo, Herderboy ya Raymond Malinga wa Uganda, ina wachungaji wa ng'ombe wenye mwili nusu mashine. Wachungaji! Ng'ombe! Mtu wa Ikungi aniambie hiyo haimhusu. Na mwezi Mei 2025 walitangaza bustani mpya Abu Dhabi, kisiwa cha Yas, mahali ambapo kila familia ya huku ina ndugu au jirani wa ndugu anayefanya kazi karibu yake. Nafasi ndiyo hiyo.

Nirudi nyumbani, maana ujenzi mwingine unanihusu zaidi. Kipande cha Makutupora hadi Tabora, kilomita 368 pamoja na njia za kupishania, kinapita Manyoni na Itigi, na kijiweni kwetu kila mtu ameshakuwa msanifu wa stesheni zake. Mmoja anataka paa la ua la alizeti, la njano, lionekane hata kwenye ndege. Mwingine anataka mawe. Mwingine anataka kuku mkubwa wa zege mlangoni, na tumeshindwa kujua kama anatania.

Kura yangu naipa tembe. Ndiyo, tembe, nyumba ya bibi zetu, Wanyaturu kwa Wagogo: paa tambarare la udongo, kuta nene, imeinama chini upepo upite juu. Lakini siombi mtengeneze sura ya tembe kwa bati na kioo halafu muweke kiyoyozi ndani. Nataka ifanye kazi ya tembe. Kuta zikatae joto la Oktoba, paa litoke nje sana ili wanaosubiri wasichomwe, upepo wetu utumike kupoza ukumbi. Mkifanya hivyo, mwaka 2060 hakuna atakayekuja kuipaka shaba.

Mama mdogo, nilipomsomea haya tukikaribia Pugu, alinisikiliza mpaka mwisho akauliza swali moja: kuku watakaa wapi? Kuku wa Singida wanakwenda Dar es Salaam kuliko sisi wenyewe, tena wamepangwa juu ya mabasi, na kama kweli treni hii itafika kwetu, lazima awepo mtu aliyefikiria matenga yao yatapakiwa mlango gani na yatashushwa wapi bila kukimbizana na abiria wa suti. Nimetafuta kichwani bustani zote za Disney ninazozijua. Hakuna hata moja yenye jibu. Waje Ikungi, kijiwe kinafunguliwa saa kumi jioni.