Edipode, Mtu wa Wapi?

Wengi wetu tuliosoma Fasihi kwa Kiingereza tunaijua tamthilia ya Oedipus kwa sentensi moja tu: mtu alimuua baba yake akamwoa mama yake kwa kuwa miungu ilishapanga, na kiburi chake kikamponza. Sentensi hiyo tuliandikiwa ubaoni, tukainakili, tukaikariri, na siku ya mtihani tukaitapika kama ilivyo. Tulipata maksi zetu. Lakini leo nataka kudai kwamba sentensi hiyo ilitunyima kitabu chenyewe, na kwamba msomaji wa Kigoma anao mlango wake wa kuingilia humo ambao notisi hazikuugusa kabisa.

Kwanza niseme tulivyosoma. Darasani kitabu kilikuwa kimoja, cha mwalimu, tena cha Kiingereza kizito. Tulisoma kwa zamu, mmoja akisimama kusoma, wengine wakisubiri kengele. Nyimbo za wazee wa mji tuliziruka, eti zinapoteza muda. Hakuna aliyetuambia kwamba tamthilia hii ipo kwa Kiswahili tangu mwaka 1971, ilipotolewa na Oxford University Press kwa jina la Mfalme Edipode. Aliyeitafsiri ni S. S. Mushi, yule yule aliyetupatia Makbeth mwaka 1968. Mimi nilikuja kuiona miaka baadaye, nakala iliyochakaa isiyo na jalada. Kwa heshima ya mfasiri huyo, nami nitamwita mhusika wetu Edipode.

Sophocles, Mgiriki wa Athens aliyefariki yapata mwaka 406 kabla ya Kristo, anafungua mchezo wake kwa maradhi. Mji wa Thebes unateketea, na wazee, vijana na watoto wamekaa mbele ya nyumba ya mfalme wakiomba msaada. Tulipofika hapo mwalimu alitaka kuendelea, lakini mwenzetu mmoja ambaye kwao ni Kagunga akasema, "Hii mimi nimeiona." Darasa likanyamaza. Sote tulijua anasema nini. Mei 2015 Warundi kwa makumi ya maelfu walikimbia machafuko ya kwao wakajazana Kagunga, kijiji kidogo kilichobanwa kati ya milima na Ziwa Tanganyika. Kipindupindu kikaingia, kikaua wakimbizi na wenyeji pia. Liemba, meli iliyojengwa na Wajerumani mwaka 1913, ikawa inakwenda kuwachukua. Haikuweza kugusa ufuko, hivyo watu walipelekwa kwa maboti mpaka ilipotia nanga, wakaletwa Kigoma mjini na kuwekwa kwa muda katika uwanja wa mpira wa Lake Tanganyika. Ukishayaona hayo, ukurasa wa kwanza wa Edipode hauhitaji maelezo.

Sasa tazama anachofanya mfalme. Anaambiwa kuwa maradhi yameletwa na mtu aliyemuua Laius, mfalme wa zamani, naye anaapa kumsaka na kumfukuza. Lakini kadiri anavyosaka, swali linageuka. Linaanza kama "nani aliua?" na kuishia kuwa "mimi nimezaliwa wapi, na nani alinizaa?" Hapo ndipo Kigoma inapoingia.

Sisi tunapakana na Burundi, na ng'ambo ya ziwa ni Kongo. Kiha na Kirundi vinasikilizana. Ujiji imejaa wajukuu wa Wamanyema ambao mababu zao walivuka ziwa enzi za misafara. Hata Livingstone mwaka 1871 aliulizwa na Stanley pale pale Ujiji kama ndiye yeye! Kwa hiyo "wewe mtu wa wapi?" kwetu si salamu. Kijana anakwenda kuomba kitambulisho anaambiwa alete habari za babu yake, alizaliwa wapi, alizikwa wapi. Kaka yangu aliambiwa hivyo katika ofisi moja, akarudi nyumbani kumtafuta mzee wa kumshuhudia. Malalamiko ya aina hii yamekwisha kufikishwa hadi bungeni. Naye Edipode, pamoja na ufalme wake wote, hana cheti. Ushahidi wake ni makovu ya miguuni na maneno ya mchungaji mmoja mzee ambaye hataki kusema.

Na jibu likoje? Edipode alijiona mgeni. Aliamini kuwa ni mtoto wa mfalme wa Corinth aliyehamia Thebes na kupokewa vizuri kwa sababu alitegua kitendawili cha lile dude Sphinx. Tiresias, mzee kipofu, anamwonya kwamba huyo anayedhaniwa mgeni ataonekana kuwa mzaliwa wa hapo hapo, wala hatafurahi. Yaani Edipode aliyedhaniwa mgeni ndiye aliyeuokoa mji, na huyo huyo kama mwenyeji ndiye aliyeuletea balaa! Sophocles hatuambii kuwa wageni ni wema au wenyeji ni wabaya. Anatuonyesha tu kwamba asili ya mtu haikuambii atakutendea nini. Kwa mkoa kama wetu, somo hilo si dogo.

Je, kiburi? Hasira Edipode anayo, sikatai. Anamtukana Tiresias na kumsingizia shemeji yake Creon. Lakini neno alilotumia Aristotle, ambalo notisi zetu ziliita "kasoro ya mhusika", katika Kigiriki ni hamartia, lenye maana ya kukosa shabaha. Edipode alikosea kwa kutojua. Na ukifuata nyuzi zote mpaka mwanzo, unakuta kitendo cha huruma: mchungaji alipewa kitoto akakitupe mlimani, akakionea huruma, akampa mwenzake wa Corinth. Nani kati yetu angemlaumu? Hilo ndilo linaloumiza, na ndilo ambalo sentensi ya ubaoni haikuwa na nafasi nalo. Ukisema "miungu ilipanga" halafu ukafunga daftari, huyo mchungaji hutamwona kamwe.

Ukubwa wa Edipode unaonekana zaidi ukimweka karibu na Kinjeketile wa Ebrahim Hussein (1969), ambaye tulimsoma kwenye kipindi cha Kiswahili bila mtu kutuunganishia hawa wawili. Kinjeketile anajua kuwa maji hayazuii risasi, lakini mwishoni anakataa kusema hivyo mbele ya Wajerumani ili vizazi vijavyo visije kuambiwa kuwa kupigana lilikuwa kosa. Edipode naye anasihiwa na Jocasta aache kuuliza, anasihiwa na mchungaji, lakini anang'ang'ania kujua hata kama ukweli utammaliza. Mmoja ananyamaza kwa ajili ya watu wake. Mwingine anauliza kwa ajili ya watu wake. Swali kama hilo lingetufaa kujadili wiki nzima.

Jambo la mwisho. Mchezo unaisha Edipode akiwa amejitoboa macho, akiomba afukuzwe. Lakini je, maradhi yameisha? Soma tena. Hakuna mahali tunapoambiwa kuwa Thebes imepona. Mtu aliyesakwa amepatikana, aibu imeanikwa, na kuhusu wagonjwa mwandishi kanyamaza. Kagunga kipindupindu hakikudhibitiwa kwa kumtafuta wa kumlaumu. Kilidhibitiwa kwa maji safi, dawa na kuwahamisha watu kutoka kwenye ule msongamano.

Ombi langu kwa walimu wetu wa Kiingereza ni dogo. Someni tamthilia hii na wanafunzi, lakini tafsiri ya Mushi iwe mezani, nyimbo za wazee zisirukwe, na kabla ya kuandika lolote ubaoni, waulizeni wanafunzi wenyewe wameona nini. Yule wa Kagunga alisema maneno matatu tu. Baada ya hapo kengele ililia na kipindi kilichofuata tulirudi kwenye notisi. Mpaka leo najuta kwamba hatukumwacha aendelee.

Anayenipinga na achukue kalamu, tujadiliane.