Paka Hulelewa na Nyumba Nzima

Tunawasifu waunda mitumbwi, washona nyavu na waanikaji wa dagaa, na ni haki yao, kwa kuwa Mwanza inaishi kwa mikono yao. Ila upo ufundi mwingine unaofanyika kila siku katika nyumba za Nyamagana bila kupigiwa makofi: ufundi wa kumpokea mtoto wa paka, kumtuliza, na kumkuza hadi awe paka mwenye adabu. Nausifu kwa sababu ni mgumu kuliko unavyoonekana, na kwa sababu wanaoujua vizuri wanaishi na ukweli ambao wengi wetu tunaukwepa: tabia ya paka hutokana na tabia ya nyumba.

Nyamagana inamhitaji mnyama huyu. Kwenye miteremko ya Mabatini, Igogo, Isamilo na Bugando nyumba zimejengwa kati ya miamba, nyingine zimeegemea jiwe kubwa kuliko nyumba yenyewe. Katika nyufa za mawe hayo panya huzaliana, na usiku hushuka kwenye magunia ya mpunga na dagaa. Ndiyo maana paka huletwa. Lakini mara nyingi huletwa kama mtego: hutupwa stoo na kunyimwa chakula makusudi ili asibweteke, awinde. Njaa haimfanyi kuwa mwindaji bora. Paka aliyeshiba bado huwinda, kwa kuwa kuwinda ni maumbile yake. Mwenye njaa huhama, au hugeukia sufuria ya jirani.

Mlezi hodari huanza kazi kabla paka hajafika kwake. Mtoto wa paka hafai kutenganishwa na mama yake kabla ya wiki 8, kwani katika wiki hizo hujifunza kwa mama na ndugu zake mambo ambayo binadamu hayafundishi vizuri, kama vile kung'ata bila kuumiza wakati wa kucheza. Na kati ya wiki ya 2 na ya 7 ndipo anapoizoea mikono ya watu kwa wepesi. Asiposhikwa na mtu katika umri huo hukua na woga mgumu kuondoka. Kwa hiyo mlezi huenda kumtembelea kwa mwenye paka, humzoesha sauti yake, na huacha hapo kitambaa cha kulalia ili siku ya safari kije na harufu ya mama.

Wengi humbeba ndani ya kiroba kilichofungwa mdomo, wakiamini kwamba asipoiona njia hatarudi alikotoka. Kinachomfunga paka na nyumba ni kuifahamu nyumba yenyewe: kona zake, harufu zake, saa zake za chakula. Siku za mwanzo chumba kimoja kinamtosha, chenye boksi la kujifichia, maji, na chombo cha mchanga kilicho mbali na chakula. Kwa familia inayoishi chumba kimoja cha kupanga, kona ya nyuma ya kabati inafaa, mradi watoto waambiwe wasimvute atoke. Kumtuliza hivyo ndani si kumtesa. Hadithi ya Mtume inayosimuliwa sana misikitini, ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka, inamhusu aliyemfungia bila kumlisha wala kumwacha ajitafutie. Huyu wetu analishwa, na mlezi huketi sakafuni karibu naye bila kumgusa, hata mvua inapolipiga bati na paka akajibana ukutani. Atatoka mwenyewe.

Mama mmoja wa Igogo, muuza dagaa, hufundisha choo kwa namna ambayo ningependa kila mwenye paka aione. Ana beseni kuukuu alilolikata ukingo mmoja ili miguu mifupi ipande bila shida, na ndani yake mchanga mkavu wa kina cha vidole vitatu. Kipaka akimaliza kula, humwinua kwa mikono miwili, mmoja chini ya kifua, mwingine chini ya makalio, akamweka juu ya mchanga na kurudi nyuma. Kipaka hunusa. Huparua mara moja, husimama, huparua tena, huzunguka, kisha huchuchumaa mkia ukiwa umenyooka. Akishafukia, mama huyo humsemesha kwa upole na kumpa dagaa mmoja. Uchafu anauzoa siku hiyo hiyo, kwani paka hukwepa choo kichafu na kwenda chini ya kitanda. Akikosea, hampigi wala hamsukumi pua kwenye kinyesi, maana paka haunganishi adhabu ya sasa na jambo alilolifanya kitambo. Hupasafisha mahali pale mpaka harufu iishe, kisha hujiuliza beseni lina kasoro gani.

Swali hilo ndilo kiini cha ufundi wote. Tukimwona paka anaharisha sakafuni tunamwita mchafu, kumbe tumemmiminia maziwa ya ng'ombe ambayo wengi wao, wakishaacha kunyonya, hawayameng'enyi vizuri. Maji yanamtosha. Tukimkuta ameiba samaki tunamwita mwizi, kumbe samaki aliachwa wazi juu ya meza na paka hajala tangu jana. Mtoto wa paka hula kidogo kidogo, mara tatu au nne kwa siku, kwa saa zinazojulikana. Ugali mtupu haumfai: mwili wake unahitaji taurini, iliyomo ndani ya nyama na samaki, na akiikosa kwa muda mrefu macho na moyo huharibika. Dagaa wa ziwani waliochemshwa bila chumvi ni chakula kizuri, wakichanganywa na utumbo wa kuku au nyama. Nyumba yenye ratiba na vifuniko haina paka mwizi.

Vivyo hivyo kwa kucha. Lazima azinoe, kwa hiyo anayependa kochi lake hutundika gunia la katani kando yake, na kila kucha zikielekea kochi humhamishia guniani bila kelele. Wala mkono wa mtu usiwe mchezo wake. Anayemzoesha kung'ata vidole angali mdogo asilalamike akikomaa meno. Kipande cha kanga kilichofungwa kwenye uzi kinatosha.

Fimbo haifui dafu hapa, na sababu ni ya kale. Paka wote wa nyumbani duniani wametokana na paka pori, Felis lybica, ambaye hadi leo yumo Serengeti, mashariki mwa ziwa letu. Huwinda peke yake, hana kiongozi wa kundi wa kumnyenyekea kama mbwa. Alikuja kwa wanadamu kwa kufuata panya wa maghala, na huko Cyprus limefukuliwa kaburi la miaka ipatayo 9,500 ambamo paka alizikwa kando ya mtu. Miaka yote hiyo amekaa nasi kwa sababu anapata faida, na akipigwa anachojifunza ni kumwogopa mpigaji.

Ufundi huu una wajibu wake pia. Chanjo ya kichaa cha mbwa hutolewa afikishapo miezi 3, na ni kinga ya watoto wetu kama ilivyo yake, kwani dalili za ugonjwa huo zikishaonekana ni nadra mtu kupona. Kidonge kimoja cha parasetamoli kinaweza kumuua, na vivyo hivyo dawa za viroboto na kupe zenye permethrini, hata kama mbwa huzivumilia. Na anayempiga au kumtupa kwa kuwa ni mweusi na anadhaniwa wa mchawi akumbuke kwamba Tanzania ina Sheria ya Ustawi wa Wanyama tangu mwaka 2008, na kwamba rangi ya manyoya ni urithi wa wazazi.

Basi, kabla hujaenda kumwomba jirani mtoto wa paka, itengeneze nyumba. Nunua vifuniko vya sufuria, tafuta beseni na mchanga, tundika gunia, muulize afisa mifugo wa kata siku ya chanjo, na wafundishe watoto kunyamaza mnyama anapoogopa. Ukishayafanya hayo, mlete. Adabu unayoitaka kwake ataikuta imeshaanza kwako.