Taharuki ya Mapenzi katika Gito l'ingrat: Mtazamo kutoka Bwiza

Gito l'ingrat (1992) ya Léonce Ngabo, filamu ndefu ya kwanza ya kubuni ya Burundi, huainishwa kuwa ya vichekesho. Uainishaji huo unaificha taharuki yake. Gito anarejea Bujumbura kutoka Paris na shahada na tamaa ya uwaziri, akiwa amemwahidi Christine, mpenzi wake Mfaransa, kwamba atamwita. Punde anarudiana na Flora, mpenzi wa utotoni. Mtazamaji anajua wasilolijua wanawake hao, na hiyo ndiyo kanuni ya Alfred Hitchcock: hadhira imtangulie mhusika kwa maarifa.

Katika Notorious (1946) ya Hitchcock, Devlin anamwacha Alicia aolewe na Sebastian kwa ajili ya upelelezi. Sisi twaona kwamba anampenda. Alicia haambiwi, hata sumu inakaribia kumuua. Ngabo anaigeuza mizani hiyo. Wake wenza watarajiwa (Bwiza ingewaita hivyo bila kusita) wanakutana, wanapatana, na sasa Gito ndiye aliye gizani.

Yote haya yanasemwa zaidi kwa Kifaransa, ilhali Bwiza ni mtaa wa Kiswahili barazani na sokoni. Washauri wa sera wanaotaka sinema ya taifa iwafikie wakazi wake wanahitaji manukuu ya Kiswahili, na kazi ianzie kwenye anwani. “Asiye na shukrani” ni tafsiri sahihi lakini dhaifu. “Mtovu wa fadhila” inafaa zaidi, kwa kuwa inataja alichopewa, na inamlazimu mtazamaji kuuliza alipewa na nani: Christine wa Paris, au Flora.